Mtihani wa Neema

Mwanangu Haroub,

Salamu sikuandikii, kwa sababu mpaka sasa umo nyumbani kwangu. Viatu vyako vipo mlangoni na begi lako limeziba njia ya jikoni. Umekwenda Kikwajuni kumuaga ami yako, na mimi nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Barua hii nitaitia ndani kabisa ya begi, chini ya sweta. Utaiona ukishafika Mbeya, baridi ikikulazimisha kulitafuta hilo sweta unalosema huna haja nalo.

Mambo ya kufua, kula, dawa na simu baba yako ameshayasema, tena ameyasema zaidi ya inavyohitajika. Mimi nataka kukujibu neno ulilolisema Alkhamisi pale Forodhani.

Tulikuwa tumekaa ukutani upande wa bahari, wewe na sahani yako ya mishikaki, baba yako anagombana na mdogo wako juu ya juisi ya miwa. Ami yako akakuuliza kwa mzaha, "Sasa Haroub, huko chuoni utagombea? Maana mdomo unao."

Ukacheka. "Mie nnakwenda kusoma, ami. Hao wa serikali ya wanafunzi wote wanatafuta ubunge. Leo wanakuomba kura, kesho huwaoni. Mwenye akili hushughulika na vitabu vyake."

Ami yako akakupiga bega kwa kuridhika. Baba yako akanitizama mimi, kwa sababu yeye anajua. Nami nikajitia kumfuta mdogo wako mdomo. Usidhani nilikubaliana na wewe. Jibu langu lilikuwa refu, na wewe mwenyewe umo ndani yake, na sikutaka kulitoa mbele za watu huku tunatafuna pweza.

Nilipoingia chuo ulikuwa na miezi minne. Nilikuwa nimeshasomesha skuli ya msingi kwa cheti, nikaolewa, nikaomba nafasi ya shahada, na jibu la kukubaliwa likanikuta na mimba yako kubwa. Kila mtu aliniambia nisubiri mwaka. Baba yako peke yake ndiye aliyesema nenda, na yeye wakati ule alikuwa fundi umeme kwenye hoteli za Paje, nyumbani anaonekana Ijumaa tu. Bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, akaacha nyumba yake Paje akaja kukaa nasi hapa Amani akulee.

Tabu ni kwamba ulikataa chupa. Tulijaribu maziwa ya kopo, tukajaribu yangu mwenyewe niliyoyakamua, tukajaribu kijiko. Ulifunga mdomo ukageuza uso kama mtu aliyetukanwa. Kwa hiyo kila asubuhi tulikwenda chuoni sote watatu, mimi na madaftari, bibi yako na mkoba wa nepi, na wewe mgongoni kwake. Chuo chetu kilikuwa nje ya mji na hakikuwa na mahali popote pa mtu kukaa na mtoto. Bibi yako alikaa kwenye kibaraza cha maktaba, mlinzi akamwondoa kwa adabu. Akahamia nyuma ya mkahawa, moshi ukamwondoa. Mwishowe akapata kivuli ubavuni mwa chumba cha pampu ya maji, akatandika mkeka wake, na hapo ndipo mlipoishi nyinyi wawili karibu mwaka mzima.

Mimi nilikunyonyesha chooni. Nakuambia hivyo hivyo bila kupamba. Choo cha wanawake, jengo la madarasa, mlango wa mwisho, ambao komeo lake lilikuwa limevunjika. Aliyekuwa akiushika mlango ule kwa nje ni mama yako mdogo Neema. Umemzoea na asali yake ya Tabora kila akija, na hata siku moja hujauliza sisi na yeye tumekuwaje ndugu. Udugu wetu ulianzia pale, kwenye mlango wa choo.

Neema alikuwa mwaka wa kwanza kama mimi, mdogo kwangu, ameolewa na mwalimu huko huko kwao Tabora. Hapa kisiwani hakuwa na mtu. Alikaa dakhalia, bweni la chuo, chumba kimoja na wasichana wengine watatu. Siku ya kwanza aliniona nahangaika, mlango nimeuzuia kwa mguu, akasema, "Dada, nyonyesha. Mimi nipo hapa." Hakuniuliza hata jina. Baada ya wiki kadhaa akaniambia na yeye ana mimba. Akaniambia kwa kunong'ona, maana sharti la dakhalia lilikuwa wazi: mtoto mchanga haruhusiwi. Siku utakayojifungua ndiyo siku utakayotafuta pengine pa kulala.

Zilikuwapo siku ambazo bibi yako hakuweza kuja. Likifika bamvua, maji yakitoka mbali, ilimbidi arudi Paje kwenye mwani wake, kwani usipovunwa siku hizo hukatika kwenye kamba ukaondoka na maji. Siku kama hiyo nilikuingiza darasani. Mwalimu wetu wa takwimu alikuwa mtu mkavu, hana mchezo. Ulipoanza kulia akaweka chaki chini.

"Bi Salma, ama mtoto, ama somo."

Nyuma kijana mmoja akauliza kwa sauti kama huyo mdogo ameshasajiliwa. Darasa zima likacheka. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka. Nilikuwa na hasira hata nikaacha kiatu chako kimoja chini ya dawati, na sikurudi kukichukua.

Mwezi ule ule ukaja uchaguzi wa wanafunzi, nikagombea kiti cha ustawi katika kitivo chetu. Niligombea kwa hasira, Haroub, sina sababu nyingine ya kukupa. Mpinzani wangu alijitoa kwa kuwa aliona kiti chenyewe hakina heshima, nikapita. Nikajiona nimeshamaliza kazi. Siku ya tatu nikabisha hodi kwa mshauri wa wanafunzi, Bwana Mbarouk, mtu mzima, mpole, kofia yake imepigwa pasi vizuri.

Nikamwambia, "Shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya wanafunzi wenye watoto. Wanateseka."

"Marahaba, Bi Salma. Ni wangapi?"

"Wengi."

"Wengi ni wangapi?"

Nikahesabu kwa vidole, nikaishia kwenye cha pili.

"Wanataka nini?"

"Chumba. Mahali pa kunyonyesha."

"Hayo wamesema wao, au unasema wewe?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Alikuwa ananitizama kama ninavyowatizama wanafunzi wangu wanaonyoosha mkono kabla ya kusoma swali. Nilitoka pale uso unaniwaka. Nilikwenda kuwasemea watu, na mtu niliyemjua ni mimi peke yangu, na labda Neema, na hata Neema sikuwa nimemuuliza anataka nini. Nilichukulia kwamba anataka ninachotaka mimi.

Basi tukaanza kuuliza, mimi na yeye. Tulifikiri ni kazi nyepesi, ikawa ngumu kuliko masomo. Wanafunzi wenye watoto walikuwa wamejificha. Mmoja alimwacha mwanawe Pemba kwa mama yake na hakuna hata rafiki aliyejua kuwa amezaa. Tulipomfikia akaniambia, "Nshakusikia, lakini usinitaje." Mwengine alidhani tumetumwa na utawala kumchunguza. Mmoja alikuwa mwanamme, mkewe yu mgonjwa, yeye ndiye anayelea. Kila tuliyempata tulimkaribisha kwenye mkeka wa bibi yako pale ubavuni mwa pampu, na bibi yako akamtilia chai kutoka kwenye chupa yake na kumuuliza watu wa kwao. Nadhani walisema zaidi kwa ajili ya ile chai kuliko kwa ajili yangu.

Na walichosema hakikuwa chumba. Chumba walikitaka, ndiyo, lakini kilichowanyima usingizi ni mtihani. Kanuni ya chuo wakati ule ilikuwa hivi: ukikosa mtihani, kwa sababu yoyote, unangoja mpaka mwakani wafanye wengine, yaani unarudia mwaka. Aliyejifungua wiki ya mtihani alihesabiwa sawa na aliyelala akapitiwa. Neema alikuwa anatarajia kujifungua wiki hizo hizo. Mimi nilikuwa nimekaa naye kila siku, ameushika mlango wangu, na sikujua kuwa jambo hilo linamtafuna.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umeshaamua ni chumba," akasema. Khalafu akaongeza, bila kulalamika, "Dada Salma, nikirudi Tabora na mtoto kusubiri mwaka, sirudi tena huku. Najijua, na wakwe zangu nawajua."

Akanitajia na mtu mwengine, Makame, kijana wa Nungwi mwenye ugonjwa wa seli mundu. Maumivu yalimshika siku ya mtihani, akalazwa, na sasa alikuwa anarudia mwaka ule ule mara ya pili. Nikamtafuta. Nilikuwa nimejipa kazi ya akina mama, na nikaona jambo lenyewe si la akina mama tu.

Tukarudi kwa Bwana Mbarouk, safari hii tukiwa na cha kusema. Alisikiliza mpaka mwisho. Baada ya siku chache rais wa serikali ya wanafunzi, kijana mmoja akiitwa Fadhil, suti yake haimtoki hata kwenye jua, akanijia anakenua meno yote.

"Bi Salma, hongera! Tumepata chumba. Ile stoo ya viti vibovu. Kitapakwa rangi, kitatiwa feni, mkuu wa chuo atakuja kukifungua."

"Na mtihani?"

"Hilo gumu. Tumekubaliana tupokee chumba, tuandike kuwa mambo ya wanafunzi wazazi yamekwisha kwa mwaka huu. La mtihani litazungumzwa baadaye."

"Baadaye Neema atakuwa Tabora."

"Bi Salma! Wewe mwenyewe una mtoto mchanga. Unakataa chumba?"

Nilimwambia sitakataa wala kukubali mpaka niwaulize wenzangu. Hilo nilikuwa nimeshajifunza. Tukakaa kwenye mkeka, na usidhani tuliafikiana. Yule wa Pemba alisema tuchukue tunachopewa, mtihani hatutaupata kamwe. Mwengine akasema hivyo hivyo. Neema alinyamaza, na mimi niliona ananyamaza kwa sababu ameona haya kutuomba tukae juani kwa ajili yake. Yule mwanamme ndiye aliyesema kwamba chumba kinaweza kungoja na mimba haiwezi. Wengi wakamfuata, na chumba tukakirudisha. Yule wa Pemba hakusema nami tena mpaka tunamaliza chuo, na simlaumu.

Bibi yako aliposikia aligeuka mbogo. "Mumekataa chumba? Chenye feni?" Akashika kiuno. "Ala! Salma we, na mie nliyekaa hapa nakula vumbi la pampu, hukuniuliza?"

Na kweli sikumuuliza. Niliuliza kila mtu isipokuwa yeye. Kesho yake hakuja chuoni, akaniambia nenda mwenyewe na mwanao na msimamo wako. Nikaenda nawe mgongoni, nikakosa vipindi viwili, nikarudi nimechoka nikamkaripia, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia maisha yangu yote. Asubuhi iliyofuata nikamkuta mlangoni ameshajitanda, mkoba wa nepi begani. "Twende," akasema. "Yule mtoto wa Tabora hana mama hapa." Mpaka leo sijui alinisamehe au alikwenda kwa ajili ya Neema. Lakini alikwenda.

Jua likaendelea kukupiga, na wewe ukaendelea kunyonya chooni. Nataka ulijue hilo. Uamuzi wangu uliulipia wewe, na hukuwa na kauli.

Kilichobaki ni kuzunguka. Nilikwenda kwa mwakilishi wa kila darasa, mmoja mmoja, pamoja na Makame. Wengine walitusikiliza, wengine walitupa migongo. Nikajifunza kutomwambia mtu shida yangu kwanza. Namuuliza darasani kwake nani alikosa mtihani mwaka jana, na kwa nini. Kila darasa lilikuwa na mtu. Aliyefiwa na baba yake, aliyepata ajali, aliyelazwa. Walikuwa wanawajua wote, hakuna aliyewahi kuwauliza. Walipokwisha kutaja majina, wao wenyewe ndio waliosema, "Sasa tunafanya nini?"

Fadhil naye akabadilika. Si kwamba moyo wake uliguswa. Aliona madarasa yanazungumza na uchaguzi mwengine unakuja, akaja mbele yetu akasema jambo hili atalipeleka yeye kwa mkuu wa chuo. Nilitaka kumfukuza. Makame akaniambia, "Bi Salma, mlango anao yeye. Mwache aufungue." Akaufungua. Tukapewa kikao.

Siku ya kikao niliandika hotuba nzuri. Nilifanya mazoezi mbele ya bibi yako, akasinzia. Tukaingia chumba kikubwa chenye meza ndefu, mkuu wa chuo amekaa katikati, mzee mrefu wa sauti ya chini, Bwana Mbarouk pembeni yake, walimu kadhaa, na ofisa wa mitihani. Fadhil akafungua kwa maneno mengi. Makame akasema habari zake kwa ufupi. Ofisa wa mitihani akajibu mara moja:

"Mheshimiwa, tukimfungulia mmoja, kila mwenye mafua atataka mtihani wake. Hatutamaliza."

Nikaona baadhi ya walimu wanatikisa kichwa kumkubalia. Nikasimama na karatasi yangu. Neema alikuwa ubavuni mwangu, tumbo lake limeshafika kwenye ukingo wa meza. Akanishika mkono.

"Kaa, dada. Hili nitalisema mwenyewe."

Nilisita, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimechaguliwa mimi, nilikuwa na hotuba mimi. Nikakaa.

Akasimama taratibu. "Mheshimiwa mkuu wa chuo, tarehe ya mtihani mmenipa, ninayo. Tarehe ya kujifungua hakuna aliyenipa. Hiyo moja nisiyoijua ndiyo naomba chuo kinisaidie. Sitaki kusamehewa mtihani. Nataka kuufanya."

Mkuu wa chuo akamuuliza, "Na ukishikwa na uchungu asubuhi ya mtihani?"

"Nitakuja. Nitaandika mpaka nishindwe kushika kalamu. Lakini nadhani hata wewe, baba, usingependa kuona hivyo."

Halafu akasimama mtu ambaye sikumtarajia, mwalimu wetu wa takwimu, yule aliyenitoa darasani. Akasema kwa ukavu wake ule ule, bila kututizama sisi, "Kutunga mtihani wa pili ni kazi ya jioni mbili. Wa somo langu nitautunga. Sioni mjadala uko wapi." Akakaa. Mwalimu mwengine akasema na yeye atautunga wake. Kisha mwengine.

Uamuzi ulikuwa mdogo kuliko tulivyoomba. Mwaka ule, kwa majaribio, aliyejifungua au kulazwa hospitali angefanya mtihani maalumu kabla ya muhula mwengine kuanza. Waliofiwa hawakuingizwa. Sharti la dakhalia halikuguswa. Tulipotoka nje Neema alikaa kwenye ngazi akalia mpaka akapaliwa, na Makame, ambaye uamuzi ule haukumrudishia mwaka wake uliopotea, akenda kumnunulia maji.

Fadhil alisimama kwenye mkutano wa wanafunzi akasema ni kazi yake. Nilikasirika, nikataka nimtoe hadharani. Neema akacheka. "Mwache aseme, dada. Akishasema ni lake, mwakani hawezi kulikana." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwakani walipotaka kuliondoa, Fadhil ndiye aliyepiga kelele kuliko sote, likabaki likawa kanuni.

Tumaini wa Neema akazaliwa wiki ya mtihani, kama daktari alivyosema. Siku ile ile Neema alikosa kitanda dakhalia, na tukamleta hapa, chumba hicho unacholala wewe, yeye na bibi yako na watoto wawili. Ulikuwa na wivu. Ulimng'ata Tumaini sikio, na yeye hata mwanga hajauzoea. Alipoanza kukaza shingo mama yake akaenda kufanya mitihani yake, na bibi yako akakaa ubavuni mwa pampu, mmoja mapajani na mmoja anatambaa juu ya mkeka. Neema alifaulu yote. Takwimu alipita kwa kupenya, na mwalimu akamwambia hakumpendelea hata alama moja.

Mimi nilifeli somo moja mwaka ule, nikalirudia. Zile jioni za kuzunguka madarasani nilizitoa kwenye vitabu vyangu, na hakuna aliyenirudishia. Chumba kilifunguliwa nimeshahitimu. Suala la dakhalia tulishindwa, na waliokuja baada yetu waliendelea nalo. Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu kutembelea chuo, nikapita kwenye ile stoo. Ndani kulikuwa na feni, mkeka, mtungi wa maji, na msichana ananyonyesha huku kitabu kimefunguliwa mbele yake. Nikamsalimia, akaniitikia, akarudi kusoma. Sikuwa na haja ya kumwambia kitu.

Kwa hiyo uliyoyasema Forodhani si uongo wote, mwanangu. Fadhil alitafuta kura. Mimi niliingia kwa hasira na kwa shida yangu mwenyewe. Neema alitaka kufanya mtihani wake tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeingia akiwa msafi kama unavyowataka wewe hao viongozi wako. Ningengoja watu wa namna hiyo, Neema angekuwa Tabora mpaka leo na shahada hana. Hao unaowacheka wanakikalia kiti kwa sababu kipo, na wewe ukikaa na vitabu vyako hakitaondoka, atakikalia mwengine, na yeye ndiye atakayekubali chumba cha feni kwa niaba yako.

Sikuamrishi ugombee. Nakujua, ukiamrishwa hufanyi. Nakuomba kitu kidogo kuliko hicho, na kwa maoni yangu ndicho kigumu. Wewe unasema upesi, na unasema vizuri, na watu wanakusikiliza tangu u mdogo. Hilo ndilo linalonitia khofu. Nilikuwa hivyo hivyo siku ile kwa Bwana Mbarouk. Uliza kwanza, Haroub. Na ukishauliza, mwenye jambo akitaka kusimama mwenyewe, mpishe, hata kama hotuba yako ni nzuri kuliko yake. Utaumia kidogo. Kaa tu.

Unakwenda mahali ambapo hukuzaliwa. Safari hii mgeni ni wewe, unayekaa dakhalia bila ya jamaa, kama Neema alivyokuwa kwetu. Utashangaa nani atakushikia mlango. Mpokee, hata akiwa si wa dini yako wala wa lafudhi yako, na usichelewe kumshikia wake.

Darasani kwenu patakuwa na mtu ambaye wiki ya pili au ya tatu hataonekana. Watu watasema ameacha, au mvivu, au ana mambo yake. Huenda ni kweli. Mtafute. Nenda mpaka anapokaa, ubishe hodi, umuulize amepatwa na nini na anataka nini, na usimwambie wewe unadhani anataka nini. Ukishatoka hapo, kabla hujafanya jambo lolote, nipigie simu. Nataka unitajie jina lake.

Mama yako,
Salma
Amani, Unguja